Robo Saa ya Kiti Kitupu

"Tofauti ni ya saa moja kamili, afande," alisema Koplo Makene. "Hapo ndipo panaponikera."

Inspekta Imelda Sichone hakuinua kichwa. Mezani pake palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye Lango la Nyanda, tovuti ambayo vituo vya nchi tatu huitumia kupiga hesabu za mvua kwa pamoja. Ilisema kwamba tarehe kumi na mbili Novemba, saa nne na dakika tano asubuhi, aliyeingia kwa hati ya kielektroniki ya Yonasi Mwashiuya alifikisha kazi kwenye hatua ya mwisho, na saa nne na dakika ishirini ujumbe ukatoka kwenda kwa wakulima. Ya pili ilikuwa picha ya simu ya Mzee Asajile Kibona, mwenyekiti wa wakulima wa Hasamba. Ujumbe uleule, umeingia saa tano na dakika ishirini.

"Mtandao ulichelewa," akasema Imelda. "Tulishaliandika hilo."

"Mtandao wa huku unachelewa dakika saba, afande. Ukinuna unachelewa siku mbili. Sijawahi kuuona ukichelewa kwa adabu namna hii. Dakika sitini, hazizidi, hazipungui."

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Mvua za kupandia zinaanza ndani ya siku tatu. Pandeni. Wakulima elfu nne wa Ihanda na Hasamba waliusoma wakapanda. Yakaanguka manyunyu ya siku moja, mahindi yakachungulia, kisha jua likayakaanga yote. Mbegu ikawa imekwenda, na msimu wenyewe ulikuwa haujaanza. Watu walitaka mtu wa kumshika, na Imelda akawapa mtu: Yonasi, fundi wa Kituo cha Utabiri kilichoko nje kidogo ya Vwawa, ambaye kaka yake Eliakim ni muuza mbegu na wiki ile aliuza mpaka akafagia ghala. Alimkamata juzi. Kesho saa tatu asubuhi Yonasi angesimama kizimbani.

Makene alijikuna sikio. "Nikuulize swali la kijinga?"

"Una mengine?"

"Nilipohamia huku nikitokea Geita, siku moja nilivuka kwenda Nakonde kununua betri. Nikaambiwa duka linafunguliwa saa mbili. Saa mbili nikawa mlangoni. Nikasimama pale saa nzima kama mlinzi, watoto wa shule wananiamkia. Mwenye duka alipokuja alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, bwana, wewe umevuka na saa ya Tanzania." Akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Sasa hili lango, si wanalitumia pamoja na Wazambia?"

Kalamu ya Imelda ilisimama.

Alizaliwa Tunduma, hatua mia nne kutoka mpakani. Kabla hajajua kusoma alijua kwamba ukivuka barabara unarudishiwa saa moja, na ukirudi unaiacha hukohuko. Leo Msukuma wa Geita ndiye aliyemfundisha.

"Chukua kofia yako," alisema. "Twende kituoni kwao. Na hilo la betri usimhadithie mtu."

"Mimi tena? Hadithi yenyewe inanidhalilisha mimi."

"Si wewe peke yako."

*

Ombeni, mkuu wa Kituo cha Utabiri, aliwapokea kwa tabasamu la mtu anayengoja wageni waondoke. Aliwakalisha, akaeleza tena kwa maneno yaleyale aliyotumia juzi. Hesabu ya mvua ya nyanda nzima ni nzito kuliko kompyuta yoyote waliyo nayo. Kwa hiyo lango huikata vipande, kama watu wa ujima wanavyogawana shamba. Kipande kimoja hupigwa hapa, kingine kwenye chuo kimoja cha Mzuzu kule Malawi, kingine Kasama, Zambia. Mwenye kompyuta iliyo huru ndiye anayepokea kazi. Mwisho lango hushona vipande vyote, na jibu likawaendea wakulima kwenye simu.

"Hatua ya mwisho ya siku ile ilipigwa wapi?" Imelda aliuliza.

Ombeni akaifungua kompyuta yake, akasoma. "Kasama."

"Na saa iliyoandikwa hapa ni ya nani?"

"Kila mashine huandika saa ya kwa..." Neno lilimfia mdomoni. Aliitazama karatasi, kisha saa ya ukutani. "Ya kwao."

"Saa nne yao ni saa tano yetu. Niletee daftari la mahudhurio."

Daftari lililetwa. Yonasi aliingia saa tatu, akatoka saa nne na nusu. Mbele ya jina lake palikuwa na maandishi yaliyoinama: Ihanda, kusoma kipimo cha mvua. Juzi Imelda alikwishauona mstari huo, akauhesabu kuwa ni mtu anayekimbia baada ya kutenda.

Kipimo chenyewe kilikuwa uwanjani mwa shule moja ya Ihanda. Imelda alimpigia mwalimu anayekitunza, Mwalimu Recho, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Yonasi?" sauti ya Recho ilipasua chumba. "Alifika hapa saa tano kasoro dakika kumi. Tulisoma kipimo, tukatia saini wote wawili. Ujumbe ule ulimkuta kwangu, nikimpimia maziwa ya mama yake. Aliuangalia akasema, 'Mwalimu, huu sijaupeleka mimi, na kama umetoka kwetu basi tumekwisha.'"

"Kwa nini hukuja kutueleza, mwalimu?"

"Nilikuja juzi. Kijana wa mapokezi akaniambia mpelelezi ameshamaliza."

Makene alianza kusafisha kucha ambazo hazikuwa chafu. Imelda alimshukuru mwalimu, akakata simu, akamgeukia Ombeni.

"Yonasi alikuwa Ihanda. Hati yake ilikuwa wapi?"

Ombeni alilifunga daftari.

"Juzi ulinieleza kwamba kila mtumishi anaingia kwa hati yake mwenyewe, na mtu hawezi kutumia ya mwenzake."

"Ndivyo kanuni inavyosema, Inspekta."

"Sikuuliza kanuni."

"Hati zetu zilikwisha muda mwezi wa sita," alisema Ombeni kwa sauti ya chini. "Mpya zinangoja saini makao makuu. Iliyo hai ni ya Yonasi peke yake. Imo ndani ya kompyuta ya chumba cha zamu, na sote tunaingilia humo."

"Kama bafu la nyumba ya kupanga," Makene akasema.

"Ukaniacha nimfunge pingu," alisema Imelda, "na wewe umesimama pale barazani."

"Nilihofia kituo kitatolewa langoni. Wenzetu wa Kasama wakisikia tuko watu watatu kwenye hati moja, watatufungia siku hiyohiyo. Nilidhani ukweli utajitokeza wenyewe."

"Ukweli hauna miguu, bwana Ombeni. Nani alikuwa zamu saa tano?"

"Ketrina."

*

Ketrina alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliketi ukingoni mwa kiti. Chumba cha zamu kilikuwa na milango miwili: mmoja wa ukumbini, mwingine wa nyuma kuelekea uani. Kompyuta ilikaa katikati.

"Tarehe kumi na mbili, saa tano, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Ukifanya nini?"

"Zoezi. Nilikuwa naandaa somo la wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nilichukua takwimu za mvua za mwaka jana, nikazipitisha kwenye lango."

"Mwaka jana mvua ziliwahi," alisema Imelda.

"Ziliwahi."

"Kwa nini zoezi lipite kwenye lango la kweli?"

"La majaribio limekufa tangu Machi. Wote tunafanyia mazoezi kwenye la kweli, hata Kasama, hata Mzuzu. Unakwenda nalo mpaka hatua ya mwisho, halafu unabonyeza Zuia. Ukishazuia, hakuna kinachotoka."

"Na usipozuia?"

"Lango linasubiri robo saa. Robo saa ikipita bila neno, linahesabu kwamba mwenye zamu amekubali, linatuma." Alizungumza akiitazama kompyuta. "Tuliliweka hivyo wenyewe. Zamani mwenye zamu akienda kula, kazi za nchi tatu zilikuwa zinalala."

"Kwa hiyo hakuna aliyebonyeza kitu."

"Hakuna."

"Na wewe ulikuwa wapi hiyo robo saa?"

"Nilitoka kidogo."

"Kwenda wapi?"

"Chooni."

"Nimepita jikoni. Mpishi wenu anasema alikuona umesimama nyuma ya tangi la maji," Makene akaingilia. "Anasema alichambua mchele, akauosha, akauinjika, na wewe bado umesimama. Choo gani hicho cha kusimama dakika arobaini?"

Ketrina alikaza ncha ya kitenge begani.

"Ulikuwa unaongea na nani? Eliakim muuza mbegu?"

"Simu yangu ilikuwa hapa mezani."

"Basi ulimwachia mtu chumba. Nani aliingia?"

"Aliingia mgeni."

"Mgeni ana jina."

"Limo kwenye kitabu cha wageni," alisema Ketrina. "Someni."

Makene alikifunua. Saa tano kamili: A. Kibona, Hasamba. Akapiga mluzi mdogo. "Mlalamikaji wetu! Bahati njema, afande, yuko getini sasa hivi. Tangu mbegu zife anakuja kila asubuhi kudai nyingine. Nimwite athibitishe?" Akaukabili mlango wa ukumbini. "Mzee! Mzee Asajile, hebu..."

Ketrina alikwishanyanyuka. Hakukimbia, alikuwa tu hayupo tena kitini, amefika mlango wa nyuma, kitenge amekivuta usoni, mgongo kwa watu. Makene aliruka akamzibia njia, mkono kiunoni penye pingu.

"Anatoroka, afande!"

"Mwache!" Imelda alisema. "Kamzuie mzee huko huko getini. Asipige hatua moja kuja huku. Nenda, Makene!"

Koplo alitoka kichwa kikimwuma kwa kutoelewa. Imelda aliufunga mlango wa ukumbini, akauegemea. Yeye alikuwa Mnamwanga, lakini bwenini alilala miaka minne na wasichana wa Kindali kutoka Ileje, na mmoja wao, siku ya wazazi, aliwahi kuruka dirisha ili asionane na baba wa mchumba wake; kwao mke hamwoni baba mkwe wala hamtaji jina.

"Ni baba mkwe wako," alisema.

"Ndiyo."

"Keti. Hataingia."

Ketrina aliketi, lakini kitenge hakukishusha. "Alifungua mlango bila hodi," alisema chini ya kitambaa. "Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu. Mkono ulikuwa njiani. Niliona fimbo yake, nikatoka kabla sijajua kwamba nimetoka. Tangu niolewe, miaka minne, hatujawahi kuwa chini ya paa moja. Nikasema atauliza anachouliza, ataondoka. Wakamletea chai."

"Na ulipomwona Yonasi anafungwa pingu?"

"Nilisema nitasema kesho. Jana nikasema kesho." 

"Kesho ndiyo mahakama."

"Najua, afande." Kitenge kilishuka. Uso ulikuwa umelowa na macho yalikuwa makali. "Mimi nina stashahada ya kompyuta. Programu inayoziunganisha hizo mashine za nchi tatu, nusu yake nimeiandika mimi. Nisimame mbele ya hakimu niseme wakulima elfu nne wamepoteza mbegu kwa sababu nilimkimbia baba mkwe? Wa mjini watanicheka, wataniita mshamba. Wa nyumbani watasema nimemtaja mzee mahakamani. Niambie wewe, nichague kicheko kipi?"

Imelda alisema alichokuwa nacho.

"Juzi niliisoma saa ya Zambia nikadhani ni yetu. Mimi, mzaliwa wa Tunduma. Na karatasi yenyewe sikumwonyesha Yonasi; angeiona angenisahihisha palepale."

Kwa mara ya kwanza Ketrina alimtazama usoni. Imelda akasukuma karatasi nyeupe na kalamu upande wake.

"Andika kwa mkono wako. Mwite vyovyote unavyoruhusiwa kumwita."

*

Mzee Asajile alikuwa kwenye benchi la getini, fimbo katikati ya magoti, Makene amemsimamia kama mtu aliyepewa ng'ombe wa watu kuchunga.

"Mmeshamfunga?" mzee aliuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza, mmeshamfunga yule mwizi wa mvua? Nimewaahidi watu wangu. Akitoka huyo, Hasamba nzima inakuja kulala barabarani kwenu."

Imelda aliketi kwenye ncha ya benchi. "Mzee, tarehe kumi na mbili uliingia chumba cha kompyuta."

"Niliingia. Nilitaka kuuliza za mvua."

"Ulipiga hodi?"

Fimbo iliacha kutikisika. "Ile ni ofisi ya watu wote. Ofisini nani anapiga hodi?"

"Nani alikuwemo?"

Mzee alitazama barabara. Lori lilipita, vumbi likatua, naye bado anatazama. "Mgongo," alisema hatimaye. "Niliona mgongo unatoka mlango wa nyuma. Nikaujua ni wa nani. Nilijua anafanya kazi Vwawa. Sikujua kama ni chumba kile."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Niondoke nikutane na mkwe uani? Nilikaa ili afike mbali. Wakaleta chai, nikasema heri, nikimaliza hii atakuwa amefika mbali vya kutosha."

Makene, aliyekuwa ameegemea nguzo, alisimama wima. Yule mkwe, nyuma ya tangi, alisubiri mzee aondoke. Mzee, mbele ya chai, alisubiri mkwe afike mbali. Heshima mbili zilingojana dakika arobaini, hatua ishirini kutoka moja hadi nyingine, na kiti kikawa kitupu katikati.

"Kompyuta ilikuwa inaonyesha nini, mzee?"

"Namba. Zilikuwa zinashuka. Kumi na nne, kumi na tatu. Nikajisemea, hii inapika kitu." Alitabasamu kidogo. "Zilipofika mwisho pakaandikwa kitu cha kijani, na simu yangu ikalia mfukoni. Nikasoma, nikafurahi. Chai ilipoisha nikakimbia Hasamba na habari ile. Mimi ndiye wa kwanza..."

Tabasamu lilimwisha kidogo kidogo, kama maji yanavyopotea mchangani. Imelda hakumsaidia. Aliangalia mikono yake mwenyewe na kumwacha mzee afike huko kwa miguu yake.

"Alikuwa anataka kurudi kuizuia," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Na mimi niko pale. Nakunywa."

"Ndiyo, mzee."

Kisha akauliza, bila kugeuka: "Yule kijana, siku ile mnampakia garini, nilimtemea mate. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Hukunikataza."

"Sikukukataza."

Mzee alijikokota akasimama. "Toa kalamu. Andika kwamba mlango niliufungua mimi bila hodi, na kitini palikuwa na mtu mpaka nilipoingia. Liwe neno la kwanza. Lake lifuate. Na usituweke siku moja mahakamani, binti yangu. Hilo nakuomba."

"Siku mbili tofauti," alisema Imelda, akiandika. "Nitamwomba mwendesha mashtaka mwenyewe."

*

Jioni hiyo mkuu wa polisi alisoma maelezo yote mawili, akasoma na ukurasa wa tatu, ambao Imelda aliuandika juu ya kosa lake mwenyewe na kuutia saini. Alisaini fomu ya kumwachia mtuhumiwa, akaisukuma kwa kidole kimoja.

Yonasi alitoka akivaa mkanda wake njiani.

"Nilikuambia nilikuwa Ihanda," alisema.

"Uliniambia."

"Ukaniambia karatasi haidanganyi."

"Haikudanganya."

"Naam," alisema Yonasi. "Haikudanganya."

Alikataa chai. Alikubali gari. Makene aliendesha, na njia nzima hadi Ihanda mtu mwenye maneno mengi kuliko wote hakusema hata moja.

Mama yake, Mama Enesi, alikuwa akigeuza kahawa aliyoianika kwenye chekecheke mbele ya nyumba. Alipomwona mwanawe akishuka kwenye gari la polisi bila pingu, alipiga kigelegele kimoja kikakatikia njiani. Alimshika Yonasi kichwa, mabega, akamkagua kama aliyeanguka mtini. Kisha akamwendea Imelda, akaubeba mkono wake kwa mikono yake miwili iliyonuka maganda ya kahawa.

"Ni wewe umemrudisha? Mungu akuzidishie, mwanangu. Kumbe kwenu huko yuko hata mmoja mwenye moyo. Maana yule aliyekuja kumchukua, nimeambiwa ni mwanamke, hakumwacha hata avae viatu. Huyo nimemwachia Mungu."

Yonasi aligeukia kahawa. Makene aliinama akakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Hakuna ambaye angesema. Gari lilikuwa linaunguruma, na njia ya kurudi ilikuwa wazi.

"Mama," alisema Imelda, "aliyekuja kumchukua ni mimi."

Mama Enesi hakuuachia mkono, wala hakuushika tena. Ulibaki tu juu ya viganja vyake kama kitu alichoombwa akishike kwa muda. Aliutazama, akamtazama mwenye nao.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Tunduma."

"Basi nenda kamwambie na yeye ulichonifanyia."